Shajara ya mradi: wanafunzi wa mkondo wa amali kati ya darasa na karakana, Morogoro, 2025

Wiki ya mwisho ya Januari

Mradi huu unawahusu wanafunzi wa Kidato cha Pili wa mkondo wa amali, yaani ule unaochanganya masomo ya kawaida na fani ya ufundi, katika shule yetu ya sekondari, hapa Manispaa ya Morogoro. Wanafunzi hao kuanzia muhula huu watasoma darasani siku nne za wiki na kushinda Alhamisi nzima katika karakana za mafundi wa mtaani, upande wa Msamvu na Kihonda. Wanafunzi hawa ni wa kundi la kwanza kabisa, lile lililoingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika kwa mkondo wa amali. Watakapomaliza mwaka 2027 wanatarajiwa kuwa na vyeti viwili, kimoja cha Kidato cha Nne kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania na kingine cha ufundi stadi kinachosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Shule yetu ina fani mbili tu, umeme wa majumbani na uchomeleaji.

Sababu ya kuwatoa nje ya shule ni ya wazi. Tuna mashine moja ya kuchomelea, na vipindi vya vitendo ni vifupi kiasi kwamba wanafunzi wakishavaa ovaroli, wakagawana miwani na kupanga foleni, wachache tu ndio wanaopata kushika kazi kabla ya kengele. Katika stoo ya zamani tumekuta meza za useremala na vaisi kadhaa, yaani vibano vya kushikilia kazi, za enzi za michepuo, wakati sekondari zilipogawanywa katika kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Vaisi tumezisafisha kwa dizeli na zinafanya kazi. Hata hivyo, vaisi peke yake haimfundishi mwanafunzi namna ya kuzungumza na mteja, kukadiria vyuma vya geti au kurudia kazi iliyokataliwa.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia na ndiye niliyekabidhiwa uratibu. Naandika shajara hii kwa ajili ya walimu wenzangu wa shule zenye mkondo huu, kwa kuwa kila tunapokutana maswali ni yaleyale: mwanafunzi akiwa kazini anasoma nini, nani anamwangalia, na fedha inayotokana na mikono yake ni ya nani.

Kabla ya kutafuta karakana, tuliwauliza wanafunzi darasani, kwa ahadi kwamba hakuna atakayeadhibiwa, nani kati yao tayari anafanya kazi ya kulipwa. Mikono iliyonyanyuka ilikuwa zaidi ya nusu ya darasa. Wapo wanaouza mboga soko la Sabasaba alfajiri, wanaosuka nywele Jumapili, wanaobeba tofali, na wavulana kadhaa ambao kila Jumamosi ni saidia fundi kwenye majengo yanayoinuka kwa kasi upande wa stesheni ya treni ya SGR. Kwa hiyo mradi huu haumpelekei kazi mtoto asiyeijua. Kazi imeshamtangulia, na inamla muda wa masomo bila kumpa chochote cha kuandika katika daftari. Tunachojaribu ni kuifanya kazi hiyo iingie darasani.

Februari

Mwezi wote umekwenda katika makubaliano na mafundi, na siujutii muda huo.

Tulianza na sheria, kwa sababu wanafunzi wetu wana miaka 15 na 16. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na inakataza kumfanyisha kazi usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakwenda mbali zaidi na kukataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani au mahali pengine penye hatari, na karakana ya kuchomelea vyuma ni mahali pa hatari, hilo halina ubishi. Lakini sheria hiyohiyo inaacha nafasi kwa kazi iliyo sehemu ya mafunzo ya mtoto, kwa sharti kwamba afya, usalama na maadili yake yalindwe na awe anafundishwa mahususi kazi hiyo. Niliisoma sehemu hiyo mbele ya kamati ya shule zaidi ya mara moja, kwa sababu ndiyo inayobeba mradi wote: mwanafunzi akikaa kwenye karakana bila kufundishwa, hata akiwa na barua yetu mfukoni, anakuwa mtoto aliyeajiriwa mahali pasipomruhusu.

Makubaliano yaliyoandikwa ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Mwanafunzi anafika saa 2 asubuhi na kuondoka saa 9 alasiri. Hapandi juu ya paa wala nguzo. Hagusi waya wenye moto, na wa fani ya umeme anafanya kazi kwenye nyumba ambazo bado hazijaunganishwa au meinswichi ikiwa imezimwa na fundi mwenyewe. Hashiki mashine ya kukatia wala ya kuchomelea bila miwani au kofia ya kuchomelea, glavu na buti. Karakana inatoa chakula cha mchana. Alhamisi hailipwi, kwa sababu ni siku ya masomo, lakini kazi yoyote ya likizo italipwa, na malipo yataandikwa na kusainiwa na fundi, mwanafunzi na mzazi.

Mafundi walitupokea kwa heshima na kwa tahadhari. Wengi wao hawana mkataba wa maandishi na mtu yeyote, wala na mteja, na karatasi yenye mhuri wa shule iliwafanya waulize kama nyuma yake watakuja watu wa kodi au wa ukaguzi wa usalama mahali pa kazi. Fundi mmoja mwenye gereji kubwa aliuliza swali ambalo wengine walikuwa wanaliogopa: "Mwalimu, mtoto akikatika kidole hapa kwangu, nitafungwa mimi au utafungwa wewe?" Sikumpa jibu la kumtuliza. Tulirudi shuleni, kamati ikakata bima ya ajali kwa kundi zima, tukamrudia na nakala yake. Bado alikataa, na nadhani alikuwa na haki ya kukataa. Wengine walikubali baada ya kuiona.

Machi

Wanafunzi wameanza kwenda. Tatizo la kwanza halikutoka kwenye karakana, limetoka kwenye daladala. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, lakini kondakta humtambua mwanafunzi kwa sare, na wetu walikuwa wakipanda wakiwa wamevaa ovaroli. Waliambiwa walipe ya mtu mzima au washuke. Wapo walioshuka wakatembea kutoka mjini hadi Kihonda, katika mvua za masika, wakafika wamelowa na wamechelewa. Tumeamua kwamba watasafiri na sare, ovaroli ikiwa kwenye begi, na kila mmoja ana kitambulisho chenye picha. Ni jambo dogo, lakini kwa mtoto anayetoka nyumbani na mia nne tu ya kwenda na kurudi, ndilo linaloamua kama Alhamisi ijayo ataonekana.

Kuhusu kujifunza, ripoti ya mwezi huu si nzuri. Nilizunguka karakana nikakuta wengi wanafagia, wanashikilia vyuma na kutumwa chai. Kufagia si aibu, na karakana isiyofagiwa ni hatari. Lakini daftari za kumbukumbu zilikuwa na sentensi moja kwa siku: "Leo tumetengeneza dirisha." Mwanafunzi aliyeandika hivyo hakujua dirisha lilikuwa na upana gani, vyuma vya inchi ngapi, wala kwa nini fundi alikata pembe kwa nyuzi 45. Fundi naye hakuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyemwambia tunataka nini, na yeye alifundishwa hivyohivyo, kwa kutazama miaka mitatu kabla ya kukabidhiwa mashine.

Tumebadilisha daftari. Kila ukurasa sasa una mambo ya kujazwa: kazi iliyofanyika na mchoro wake wenye vipimo, vifaa na bei yake, swali moja ambalo mwanafunzi hakulielewa, na saini ya fundi. Swali hilo moja ndilo nililolipigania kuliko mengine yote. Kila Ijumaa asubuhi walimu wa Hisabati, Fizikia na Elimu ya Biashara wanagawana maswali hayo, na kila mmoja anachukua angalau moja la kufundishia wiki inayofuata.

Mei

Mwezi huu nitauandika kwa kirefu, kwa sababu ndipo nilipoona kwa macho kile tunachokitafuta.

Swali liliandikwa na msichana wa fani ya umeme ambaye kwa wiki mbili alikuwa amepangwa karakana ya uchomeleaji, ili aone mashine zinavyovuta umeme. Aliandika hivi: "Kwa nini waya wa mashine unachemka, na kwa nini fundi anasema mashine haina nguvu saa za mchana?" Chini yake fundi alisaini tu, bila jibu.

Nilikwenda Alhamisi iliyofuata. Karakana iko nyuma ya nyumba, na mita ya umeme iko mbele, barabarani. Kati ya hapo fundi amelaza waya wa moja na nusu, yaani wa milimita za mraba 1.5, mita 50 hivi, sehemu yake ikiwa imezungushwa kwenye msumari kama kamba. Nilipoweka kiganja juu ya ule mzunguko, ulikuwa wa moto kiasi cha kutovumilika. Nikamwomba fundi ruhusa tupime. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika ncha za kipimo cha volti, kwa kuwa makubaliano yanamkataza mwanafunzi kugusa palipo na moto, na yule msichana akasoma na kuandika. Kwenye mita ya umeme tulipata volti 231. Mwisho wa waya, mashine ikiwa haijaanza kuchoma, 230. Msaidizi alipogusisha fimbo ya kuchomelea kwenye chuma na cheche zikaanza, namba ikashuka hadi 206.

Fundi aliitazama ile 206 kwa muda. "Hizo nyingine zimekwenda wapi?" akauliza. Msichana akamjibu, kwa adabu, "Shikamoo fundi, naomba nikujibu Alhamisi ijayo." Hakuna mtu aliyemfundisha kujibu hivyo.

Kipindi cha Jumatatu kilikuwa cha swali hilo tu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takribani omu 12.1 kwa kilomita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 50 za umbali ni mita 100 za waya, yaani omu 1.21. Mashine ile inavuta ampea 20 hivi ikiwa inachoma, na 20 mara 1.21 ni volti 24.2 zinazobaki njiani, karibu sawasawa na tulichokisoma kwenye kipimo. Zikizidishwa tena kwa ampea 20, ni wati 484, na hizo ndizo zilizokuwa zinakichoma kiganja changu. Mwalimu wa Elimu ya Biashara aliichukua hesabu hapo: uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima, kwa hiyo hapa ni karibu nusu uniti kwa kila saa ya kuchoma mfululizo, na uniti moja ya LUKU kwa mteja wa kawaida ni shilingi 356, kwa hiyo fundi anapasha moto hewa kwa shilingi 170 hivi kila saa. Kisha darasa likarudia hesabu kwa waya wa sita, yaani wa milimita za mraba 6, wenye ukinzani wa omu 3.08 kwa kilomita, likapata upotevu wa volti 6 tu.

Nimefundisha kanuni ya Ohm kwa miaka mingi kwa kutumia betri na balbu. Sijawahi kuona darasa zima likiinamia hesabu namna hii, na wale waliokuwa wepesi zaidi hawakuwa wale wanaoongoza mitihani. Walioielewa upesi ni wale waliokwisha kuishika mashine na kuiona inakosa nguvu.

Alhamisi msichana alimpelekea fundi karatasi. Walikaa kwenye benchi, akamwonyesha mstari kwa mstari. Fundi aliuliza kuhusu ile kilomita, kwani kwake waya ni wa mita 50 na hakuona kilomita imeingiaje, na ikabidi msichana aeleze kwa njia nyingine, kwa kuanzia mita moja. Wiki mbili baadaye fundi alinunua waya wa sita na kuulaza ardhini ndani ya bomba. Ameniambia mashine sasa "inauma" mchana kama usiku.

Juni na Julai

Likizo ndefu imepita, na makubaliano ya malipo yamejaribiwa. Karakana zilizo nyingi zililipa walichoandika. Mbili zilichelewesha, tukakaa na mafundi pamoja na wazazi, wakalipa. Wazazi kadhaa wameniambia kwamba fedha hiyo ndiyo iliyonunua viatu na madaftari ya muhula wa pili, kwa maana elimu bila ada haimalizi gharama za kumweka mtoto shuleni, na kila mwalimu analijua hilo.

Lakini shule ilipofunguliwa Julai, wanafunzi wawili hawakurudi. Wote wawili ni hodari kazini. Mmoja tulimfuata nyumbani, tukiwa na afisa ustawi wa jamii wa kata. Mama yake anauza vitumbua, na kwa mwezi mmoja mtoto alikuwa ameleta nyumbani zaidi ya alichopata yeye. Alituambia bila kuficha: "Walimu wangu, mmemfundisha kazi, ameishika, sasa mnamrudisha akakae?" Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Tulichomweleza ni kwamba kijana wa miaka 16 anayelipwa kwa siku bila cheti atalipwa hivyohivyo akiwa na miaka 30, na kwamba fundi wake hawezi kumwajiri kisheria kazi ile nje ya mafunzo. Hatukumshawishi siku hiyo. Kilichomrudisha kijana ni fundi mwenyewe, aliyemwambia hatampokea tena siku za kazi isipokuwa Alhamisi na Jumamosi. Yuko darasani tangu wiki ya pili ya muhula.

Wa pili hajarudi hadi ninapoandika. Yuko kwenye karakana ambayo haimo katika mradi, na mwenye karakana hiyo hana sababu ya kutusikiliza. Suala lake liko ofisi ya mtendaji wa kata. Jina lake bado tunaliita kwenye mahudhurio kila asubuhi, kwa agizo la mkuu wa shule, nami nakubaliana nalo.

Kutokana na hayo, karatasi ya makubaliano imeongezwa sharti moja: karakana ya mradi haitampa mwanafunzi kazi siku ya masomo, hata akiomba mwenyewe, na hata mzazi akimwombea.

Agosti

Fundi wa waya wa sita amekuja shuleni kufundisha. Alisita sana mwanzoni, kwa kuwa aliishia darasa la saba, na aliniuliza atavaa nini. Alikuja na ovaroli yake safi, akasimama mbele ya darasa la Fizikia na kueleza namna anavyojua kwa sikio kama mkondo wa umeme umezidi: fimbo ikilia kama mafuta ya kukaangia, iko sawa, ikipasuka-pasuka, ipunguzwe. Wanafunzi waliandika kila neno. Kisha akawauliza hesabu ya geti la mita tatu kwa mbili, vyuma vya mlalo vingapi kama nafasi kati ya kimoja na kingine ni sentimita 12, na darasa likamkosea, wakasahau vyuma vya mwisho vya fremu. Alifurahi kuwasahihisha, nami nilifurahi zaidi.

Tumemuunganisha na chuo cha ufundi stadi cha VETA Kihonda kuhusu utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao humpima fundi wa mtaani kwa kazi yake na kumpa cheti. Naona hili ni deni letu. Mtu anayetusaidia kuwapatia watoto vyeti hastahili kubaki bila chake.

Wasichana wa fani ya uchomeleaji ni wachache, na mzazi mmoja aliomba binti yake ahamishiwe mkondo wa jumla baada ya kusikia maneno ya mtaani. Tulimwalika akae kwenye karakana nusu siku. Alikaa, akaona bintiye akikata na kupima, akaondoka bila kusema mengi, na binti yupo hadi leo. Tumeweka pia kanuni kwamba hakuna mwanafunzi, awe msichana au mvulana, anayepangwa peke yake kwenye karakana, daima wawili.

Septemba

Upimaji wa Kidato cha Pili ni Novemba, na umezuka mjadala mzito katika kikao cha walimu. Wenzangu kadhaa wanataka Alhamisi zisimame kuanzia Oktoba ili wanafunzi wajipange na mitihani. Hoja yao ina uzito, hasa kwa somo la Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili, ambayo karakana haiwasaidii moja kwa moja. Nimepinga kusimamisha kabisa. Tukizikata Alhamisi kila mtihani unapokaribia, tutakuwa tumewaambia wanafunzi na mafundi kwamba karakana ni nyongeza, na mwakani, wakiwa Kidato cha Tatu na kazi ikiwa nzito zaidi, hatutakuwa na ubavu wa kudai karakana ilichukulie darasa kwa uzito huohuo.

Kikao kimekubaliana kwamba Oktoba Alhamisi zitakuwa za nusu siku, asubuhi kwenye karakana na alasiri marudio darasani, na maswali ya marudio ya Hisabati na Fizikia yatatoka kwenye daftari za kumbukumbu za wanafunzi wenyewe. Mwalimu wa Kiingereza ameomba nakala za daftari hizo. Anataka kila mwanafunzi aandike kwa Kiingereza maelezo ya kazi moja aliyoifanya, ya ukurasa mmoja, kwa kuwa mtihani utakuwa kwa Kiingereza na fundi anafundisha kwa Kiswahili, na mtoto asiyevuka kutoka huku kwenda kule atapoteza alama za jambo analolijua.

Yanayobaki kufanywa kabla ya muhula kuisha ni kuongeza muda wa bima, kupata karakana mbili za umeme upande wa Mafiga ili kupunguza safari za wanaokaa huko, na kupeleka tena barua kwa mtendaji wa kata kuhusu mwanafunzi ambaye hajarudi. Nimepangiwa kuonana na mtendaji huyo Jumatano.